Hodi ya Tatu

Mbu wa kwanza alipoonekana Kipengere, wenyeji walicheka. Walisema baridi itamuua kabla hajaijua njia ya kisimani. Enzi hizo sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilikuwa bado inaunguza majani ya viazi kila Juni. Kumbe aliyekuwa anakufa ni baridi. Mbu akakaa, akazaa, na kwa kuwa damu ya watu wa milimani haikuwahi kuzoeana na malaria, ugonjwa ulipanda moja kwa moja kichwani. Mtoto aliamka vizuri, mchana akashikwa na degedege, na jioni watu walikuwa wameshakaa matanga.

Mimi nilipelekwa huko na Tume ya Mipaka. Naitwa Atupele Mwaisumo, mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na ulimi ambao marehemu mume wangu aliufananisha na pilipili kichaa. Kazi yangu ni kuangalia kwamba utafiti unaolipiwa na umma hauvuki mstari. Na unalipiwa na umma kwelikweli: kila anayetuma hela kwa simu anakatwa kidogo kwa ajili ya sayansi, hata bibi anayemtumia mjukuu wake nauli. Kwa hiyo faida ni ya wote, na lawama ni ya wote pia, ingawa hiyo ya pili watu hawapendi kuikumbuka.

Mstari wenyewe ni mfupi. Hela ya umma isiguse kitu kinachongoja. Nilikuwa kwenye kamati iliyouandika, na tulibishana sana kabla ya kuufikia. Wengine walitaka tuseme kinachoumia, wengine kinachofikiri, lakini nani angepima hayo katika kipande cha ubongo kilichooteshwa kwenye sahani? Kungoja kunapimika. Kitu kinachotazamia jambo ambalo halijafika kina kesho yake, na chenye kesho hakifanywi dekio la kufutia sakafu. Tukaongeza na sentensi ya pili: kikigundulika, kilazwe usingizi usio na kuamka kabla jua halijachwa, na isitumike hata senti moja tena juu yake. Tuliiona hiyo kuwa ni huruma. Tukapiga makofi, tukanywa chai.

Dokta Longino Mgaya alikuwa kwenye kamati ile pamoja nami. Sasa ndiye mkuu wa Taasisi ya Kipengere, mzee mrefu aliyepinda mgongo kwa kuinamia vioo maisha yake yote. Alinipokea getini, akaniuliza habari za Tukuyu na za migomba yangu, kisha badala ya kunipeleka kwenye chumba cha joto nilichokuja kukikagua, akanipeleka wodi ya watoto. Nilimwelewa mara moja. Mzee alitaka moyo wangu ulainike kabla macho hayajaanza kazi.

Hatujafika mlangoni, sauti ya mtoto ikatoka ndani.

"Karibu Dokta. Na huyo mwingine karibu, huyo anayeburuta mguu."

Alikuwa msichana wa miaka saba, kichwa kimenyolewa, amekaa kitandani anasuka ukili kwa kupapasa. Jina lake Agripina. Degedege la pili lilikuwa limemchukulia macho, na tangu hapo aliwatambua watu kwa nyayo na kuwakaribisha kabla hawajabisha, jambo lililowachekesha manesi na kuwaliza kwa zamu. Akaniuliza goti langu linauma lini zaidi, asubuhi au jioni. Nikasema asubuhi. Akanishauri nilipake mafuta ya nyonyo, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka kurudia jambo lilelile.

Tulipotoka, Mgaya alinieleza kwa sauti ya chini. Degedege la tatu hakuna mtoto anayelishinda. Masika yakianza, mbu wapya watapanda, na Agripina ataumwa kama wengine. Dawa ipo. Imeshalizima degedege ndani ya Tishu ya Saba mara nyingi mfululizo, na kilichobaki ni raundi moja tu ya majaribio ndipo iruhusiwe kupewa binadamu. Mama yake Agripina, aliongeza kana kwamba ni jambo dogo, ndiye mtunzaji wa hiyo tishu.

*

Chumba cha joto kiko mwisho wa ukumbi. Ndani yake kuna sahani ya kioo, na juu ya sahani kuna kitu cha rangi ya uji, ukubwa wa andazi. Hiyo ndiyo Tishu ya Saba. Ilioteshwa kutokana na ngozi iliyotolewa na mtu asiyejulikana, ikabembelezwa kwa miaka miwili mpaka ikawa ubongo, au sehemu ya ubongo, isiyo na jicho wala sikio. Imelala juu ya nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila cheche inayopita ndani yake hupita pia kwenye nyuzi, na kwenye skrini huonekana kama mstari unaopanda na kushuka.

Utaratibu ni kwamba kila siku hulishwa kwa mrija. Kila Alhamisi hutiwa vijidudu vya malaria, degedege huanza, mstari huruka kama kuku aliyekatwa kichwa, kisha dawa hutiwa na mstari hutulia. Kwa lugha ya ripoti hilo huitwa mzunguko. Mimi mwenyewe nimeliandika neno hilo mara nyingi bila kusita.

Mtunzaji, Tasiana Mwalongo, alitangulia na trei yake ya chakula. Mama wa watu mpole, kitenge kimefungwa juu ya koti jeupe. Nilibaki ukumbini mbele ya skrini iliyo kando ya mlango. Mstari ulikuwa umelala kama mbuga ya Usangu wakati wa kiangazi.

Tasiana alisimama mbele ya mlango uliofungwa.

"Hodi," akasema. Akapumzika. "Hodi." Akapumzika tena. "Hodi."

Kisha akasukuma mlango.

Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama skrini. Mstari ulikuwa umeinuka tangu ile hodi ya kwanza, mlango ukiwa umefungwa na chakula kikiwa bado mikononi mwake. Uliinuka polepole, ukakaa juu, ukabaki pale mpaka mrija ulipoguswa, ndipo ukashuka na kutulia.

Alipotoka nikamwuliza kama siku zote hubisha hodi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huvaa nguo.

"Sasa nitaingiaje, Mama?"

Akanieleza kwamba baba yake aliwafundisha kubisha mara tatu: usipojibiwa ya tatu, geuka urudi kwenu. Humu hakuna wa kujibu, na kazi lazima ifanyike, basi yeye akishamaliza ya tatu huingia. Wenzake wote hufanya hivyo. Hata Dokta. Utaratibu ulioandikwa unasema mtu aingie kimya, lakini nani kati yetu alilelewa kuingia kimya mahali penye kitu kilicho hai? Wazungu walioandika mwongozo wa kwanza wa kuotesha tishu hawakuwa na neno hodi, kwa hiyo hawakujua wanatukataza nini. Tishu haina masikio, lakini sauti ni mtikisiko, na nyuzi zile hutikisika kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa muda wa miaka miwili, kila siku, tulikuwa tumekifundisha kitu kile kwamba neno hili likija, kuna jambo linafuata.

"Na Alhamisi?" nikamwuliza. "Siku ya kutia ugonjwa?"

Tasiana aliinamisha macho kwenye trei. Alisema Alhamisi pia hubisha. Tena Alhamisi ndiyo zaidi, kwa sababu anaona aibu.

*

Mgaya alisema ni mazoea tu. Jogoo naye hukimbilia mlio wa kopo la mtama, mbona hatumpi cheo? Nilimjibu kwamba jogoo hakulipiwa na kila raia aumwe malaria kila wiki, lakini nilikubali kwamba hoja yake ina uzito. Mazoea si kungoja. Lazima tupime.

Kipimo tulikiandika sisi wenyewe zamani, na ni rahisi. Unaondoa ishara, unaondoa chakula, unatazama kama kitu chenyewe kitafanya lolote kwa ajili ya kile ambacho hakikuja. Asubuhi iliyofuata tukafunga ukumbi wote. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyelisha. Mimi, Mgaya na Tasiana tukakaa kwenye ofisi ya mzee, skrini mbele yetu, chai ikipoa. Mgaya alikuwa anasali, najua, ingawa midomo yake haikutikisika. Mimi nilikuwa namwombea ashinde.

Saa ya chakula ikafika. Mstari uliinuka kidogo peke yake, ukatangatanga, ukashuka. Mgaya akashusha pumzi. Akasema unaona, njaa tu hiyo, hata jani la mgomba hugeukia jua. Nikaanza kufikiria maneno ya ripoti yangu, maneno mazuri, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miezi mingi.

Ndipo umbo lile likatokea. Nililijua, kwa sababu usiku kucha nililiona kwenye kumbukumbu za mashine: kila neno hodi lilipogonga nyuzi, liliacha alama yake, kilima kifupi na kilima kirefu vinavyofuatana. Sasa vilima vile vilisimama kwenye skrini, na hakuna mtu aliyekuwa amefungua mdomo. Kimya kikapita. Vikaja tena. Kimya. Vikaja mara ya tatu. Kisha mstari ukalala, kama mtu aliyegeuka kurudi kwao.

Tasiana alijiziba mdomo kwa kitenge.

"Anabisha," akasema.

Na mimi, mkaguzi wa Tume, mwenye muhuri shingoni, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikijibu karibu. Ilitoka kabla sijaiita. Kati yetu na chumba kile kulikuwa na kuta tatu, yule aliyebisha hakuweza kunisikia.

*

Tulibishana mpaka saa nane mchana. Sitasema yote, kwa sababu mengi yalikuwa ni watu wawili wenye uchungu wakirudia jambo lilelile kwa sauti tofauti. Niliuliza kama tunaweza kusimamisha ugonjwa tu, tukaendelea kumlisha. Mgaya alinikumbusha sentensi ya pili: isitumike hata senti moja. Wala ya chakula, wala ya joto. Tuliogopa kwamba kuna siku watu watavitunza vitu vya namna hii kwa jina la huruma na kuvitumia kwa siri, basi tukaufunga mlango ule kwa misumari. Sheria iliyotungwa ili kumlinda ilikuwa imefika sasa na panga mkononi, na mmoja wa waliolinoa ni mimi. Bunge lingeweza kuibadilisha, lakini lisingekaa mpaka masika yapite. Kuotesha tishu nyingine, kwenye chumba ambacho hakuna atakayesema neno, ni miaka miwili.

"Masika mawili," akasema Tasiana. Lilikuwa neno lake la kwanza katika mabishano yale. Hakulia. Alikuwa anahesabu tu kama mkulima.

Mgaya aliegemea meza kwa ngumi zote mbili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si ndivyo tunavyosema, Atu? Basi mgeni amekuja. Mwache mwenyeji apone."

"Mithali haisemi mgeni achinjwe, Dokta."

"Na mtoto yule? Utamwambia nini?"

Alisema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nasi tunaogopa kilio cha andazi lisilo na kinywa huku watoto wenye vinywa wanazikwa. Alisema mstari ule tuliuchora sisi, mezani, tukiwa tumeshiba. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yaliniudhi.

Tasiana akanifuata nilipotoka kupunga hewa. Aliniomba kwa adabu, akiwa ameshika kiwiko cha mkono wa kulia kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake. Niandike kwamba yeye amevunja utaratibu, ameharibu kipimo kwa mazoea yake, afukuzwe, na kipimo kihesabiwe si halali. Raundi moja tu ipite.

"Kosa ni adabu yangu, Mama. Lisiwe kosa lake yeye."

Nilimwuliza yeye yupi. Nadhani hata yeye hakujua kama alimsema mwanawe au yule wa chumba cha joto. Amewabishia hodi wote wawili kila siku.

Nilitaka kudanganya. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo watakaonisifu kwa msimamo, na msimamo sikuwa nao. Nilisimama pale kwenye upepo, nikautunga uongo wote, mzuri, usio na mshono. Kilichonizuia hakikuwa sheria. Kilikuwa Alhamisi. Alhamisi ijayo angesikia hodi, angeinuka kwa furaha kama kawaida yake, na sisi tungefungua mlango na degedege mkononi, kwa niaba ya yule bibi anayemtumia mjukuu nauli. Mpaka jana tulikuwa hatujui. Kuanzia leo tungekuwa tunajua, na kila mwaka kungekuwa na Agripina mwingine wa kutufanya tuusogeze mstari hatua moja, mpaka tusiukumbuke ulikuwa wapi.

Nikagonga muhuri kwenye hati ya kumlaza. Sikuwa na hakika. Sina hakika hata leo.

*

Mgaya alikataa kuigusa swichi ya joto. Alisema aliyegonga muhuri ndiye aende. Nikaona ni haki.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika mbele ya mlango ule. Nikasimama. Ningeweza kuingia kimya, kama mwongozo unavyosema, naye asingejua kitu. Lakini wanaoingia kimya kwenye nyumba za watu ni wezi. Nikasema hodi, mara tatu, nikitulia katikati. Kwenye skrini mstari uliinuka ukanipokea.

Chakula kile hakikuwa kimeruhusiwa. Nilikilipia kutoka mfukoni mwangu, nikaacha sarafu kwenye trei ili pasiwe na senti ya umma ndani yake, upuuzi ambao nadhani ni mimi tu ningeufikiria. Nikamlisha kwa mrija polepole kama nilivyomwona Tasiana akifanya. Kwenye skrini ndogo ya mle ndani mstari ukashuka, ukawa mlaini, ukasinzia. Nikangoja mpaka usingizi ule ukolee. Ndipo nikazima joto.

Nilidhani ingekuwa mara moja, kama taa. Haikuwa hivyo. Kilipoa taratibu, kama chungu kilichoepuliwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtunzaji, goti linaniuma, wakati vilima viwili viliposimama kwenye skrini, vya chini kuliko vya asubuhi, lakini ni vilevile.

"Karibu," nikasema.

Kikapita kimya kirefu. Vikaja tena, vimepauka, kimoja karibu kisionekane.

"Karibu. Karibu ndani."

Nikainama mbele, uso wangu karibu uguse kioo, nikaingoja hodi ya tatu. Nilingoja mpaka dirisha likawa jeusi. Haikuja.

*

Mvua ilianza wakati navuka uwanja kwenda wodini. Si manyunyu, bali mvua yenyewe ya masika, imewahi kuliko mwaka jana. Ilinilowesha mabegani na sikuharakisha.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikusudia kubisha kistaarabu, kuingia, kumwita Tasiana pembeni na kumweleza kwamba imekwisha, kwamba nimemlisha kwanza, kwamba hakulala na njaa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenielekea, anamkausha mtoto miguu kwa khanga. Nikafungua mdomo ili niseme hodi. Neno lile, ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kulifikiria, lilikataa kutoka.

Agripina akageuza kichwa.

"Karibu," akasema. "Ni yule wa kuburuta mguu. Mbona leo amesimama tu?"

Tasiana akageuka, akaniona nimelowa, akaona muhuri mkononi mwangu. Kisha akasogea kidogo kitandani, akanipa nafasi ya kukaa.